Mapipa Yaliyosimama

Wa kwanza kusema kwamba ule weupe uliotuama ndani ya chupa ya maji yaliyotolewa kwenye mapipa ya dizeli ni unga alikuwa Meneja Protasi. Baada yake kila mtu alisema hivyo hivyo, maana si rahisi kumbishia meneja mwenye Land Rover. Unga hutoka kwenye mashine ya kusaga, na mashine ya kusaga ina mtu mmoja anayeiendesha. Kwa hiyo Privatus, mwendesha mashine wa kijiji cha Rukombe, nje kidogo ya Nyakahura, alikuwa na siku ya tisa mahabusu, akingoja gari la kumpeleka mkoani akajibu shtaka la kuhujumu jeshi wakati wa vita.

Gari lilikuwa lije Alhamisi. Sajini Anatoli alifika Jumanne.

Walimtoa Ngara, ambako kazi yake ilikuwa kukimbizana na watu wa magendo mpakani mwa Burundi. Wakubwa walishaamua kwamba dizeli ya Rukombe imevuka mpaka, wakataka mtu wa kuwaonyesha imepitia njia gani. Hawakumwita aje kuuliza kama imevuka.

Privatus aliletwa chumba cha mahojiano akiwa peku, suruali ameishika kwa mkono kwa sababu mkanda walishamnyang'anya. Alikuwa mtu mrefu, mikono imeingia weusi wa oili usiotoka kwa sabuni.

"Uliuza dizeli, ukajaza maji," Anatoli alisema. "Nani alinunua?"

"Sikuuza."

"Jeshi lilichukua mapipa sita kijijini kwako tarehe tisa mwezi huu. Yakajazwa kwenye malori manne ya chakula. Matatu yalikufa njiani kabla hayajafika Bukoba. Siku mbili, na wapiganaji wanangoja unga na maharage."

"Nimeambiwa, afande. Nina mdogo wangu kule mbele."

"Mimi pia ninaye," Anatoli alisema. "Maji yaliingiaje?"

Privatus alimtazama, akacheka kicheko kisicho na furaha. "Nilishasema siku ya kwanza. Askari aliyekuwa anaandika akaweka kalamu chini."

"Mimi sijaiweka."

"Pipa linapumua, afande. Likisimama juani linapata joto, linatoa pumzi. Mvua ikinyesha linapoa ghafla, linavuta. Na juu yake maji yametuama kama kwenye sinia. Linavuta nini? Linavuta hayo maji, yanapita kwenye nyuzi za kizibo. Pipa la mafuta hulazwa, vizibo viwili viwe kushoto na kulia usawa mmoja, mafuta yavifunike kwa ndani. Hilo nilifundishwa karakana ya Mwanza nikiwa kijana."

"Mlinzi wa ofisi ya kijiji, Mzee Shibuda, anasema alikukuta Jumapili moja ya Novemba, watu wako kanisani, wewe unahangaika na mapipa."

"Alisema nilikuwa nafanya nini?"

Anatoli alifungua jalada. Maelezo ya Shibuda yalikuwa mistari mitatu. *Nilimkuta amelilaza pipa moja. Nikapiga filimbi. Tukalisimamisha tena.* Yameandikwa na askari yule yule wa kalamu chini, na mtu fulani akayapigia mstari mwekundu kama ushahidi wa hatia.

Alilifunga jalada. Privatus alirudishwa mahabusu akiwa na mkanda wake.

Tuseme sasa mapipa haya yalikuwa ya nini, maana bila hivyo kesi yote haieleweki.

Serikali ya kijiji cha Rukombe ilikuwa na injini kuukuu iliyosaga nafaka asubuhi na kuvuta maji ya bomba mchana. Ilikunywa mapipa matano ya dizeli kwa mwezi. Kijiji hakikuwa na fedha ya injini nyingine, na michango watu walishaichanga mpaka wakachoka. Ndipo ukaja Mradi wa Mashine za Kujilipa, na meneja wake Protasi. Alikuja na injini mpya inayokunywa mapipa matatu tu kwa kazi ile ile. Hakutaka hata senti. Kijiji kitaendelea kupewa kibali cha mapipa matano kama zamani. Matatu yataendesha injini, na mawili yaliyookolewa yatarudi kwa mradi kila mwezi, miezi thelathini, mpaka injini iwe imejilipa yenyewe. Baada ya hapo akiba yote ni ya kijiji.

Halikuwa jambo baya. Lilikuwa jambo zuri kweli, na ndiyo maana linauma. Kina mama wa Rukombe walikuwa wamesahau jiwe la kusagia. Injini haikuzimika hata siku moja, kwa sababu Privatus aliitunza kuliko wengine wanavyotunza wake zao. Na kila mwisho wa mwezi Protasi alikuja na koleo lake, akapitisha waya kwenye vizibo vya mapipa mawili ya akiba, akaubana kwa lakiri, kipande cha madini ya risasi chenye alama ya mradi, mtu asije akayagusa. Septemba hadi Desemba 1978 gari la kuyachukua halikuja, kwanza kwa kuharibika, kisha kwa sababu magari yote yalikwenda vitani. Yakafika mapipa manane. Januari jeshi likachukua sita.

Hilo la lakiri ndilo lililomsumbua Anatoli. Askari wa jeshi waliofungua mapipa walikuwa na akili ya kuhifadhi zile lakiri ndani ya kiberiti, na kiberiti kilikuwa mezani pake. Sita, zote nzima, waya umekatwa upande usio na risasi. Dereva mkuu alikuwa ameandika pia kwamba kila pipa bovu lilitoa maji lita nne au tano hivi.

Lita nne. Mwizi gani anafungua pipa la lita mia mbili, anaiba lita nne, analifunga, anaghushi lakiri, na kufanya hivyo mara tano? Hata mwizi ana hesabu zake.

Na kwa nini mara tano, si sita? Lori la nne halikufa. Lilijazwa pipa namba nne peke yake, likafika Bukoba salama, likarudi.

Alipofika Rukombe mchana ule, mapipa mawili yaliyobaki yalikuwa mbele ya ofisi ya kijiji, yamesimama juu ya mawe, meupe kwa chokaa toka juu mpaka chini, namba 7 na 8 kwa rangi nyekundu. Nafasi za wenzao zilikuwa bado wazi, mstari mmoja ulionyooka chini ya bendera.

"Namba nne lilisimama wapi?" alimuuliza Mzee Shibuda.

"Hilo? Hilo halikusimama. Lilikuwa na mbonyeo ubavuni, baya. Mwenyekiti alisema litatuaibisha kwa wageni. Tulililaza nyuma ya ofisi, kwenye majani."

"Lilipakwa chokaa?"

"Ya nini, babangu? Nani angeliona?"

Anatoli alipanda juu ya jiwe akachungulia juu ya namba saba. Chokaa ya juu ilikuwa imesombwa pembeni, na kuzunguka kizibo pamebaki duara la kutu, kama alama ya maji kwenye sufuria iliyosahauliwa nje.

Clotilda, mke wa Privatus, alikuwa nyumbani akifunga chakula cha kupeleka mahabusu: ndizi na maharage ndani ya bakuli, bakuli ndani ya kitambaa, kitambaa ndani ya kapu. Mwendo wa saa tatu kwa miguu, siku ya tisa. Hakumkaribisha Anatoli kiti, na Anatoli hakukitegemea. Aliiweka ile chupa mezani.

"Mama Zita, unajua hiki ni nini?"

"Ni kitu kilichomfunga mume wangu."

"Wanasema ni unga wa mashine. Umeingia na maji."

Clotilda aliichukua chupa, akaitikisa, akaacha weupe utulie. Akafungua kizibo, akanusa. Akanusa tena, akakunja uso kama mtu aliyetukanwa na mjinga.

"Waliosema hivyo hawajawahi kupika uji," alisema. "Unga ukilala majini siku tatu unachacha. Huu umelala siku ngapi? Uko wapi uchachu? Hapa nanusa dizeli tu."

Anatoli alikaa, bila kukaribishwa. "Una ndimu?"

Alikuwa nayo. Anatoli alimwaga weupe kidogo kwenye kisahani, akakamulia ndimu. Ukatoa povu dogo, ukachemka kimya kimya mpaka ukaisha. Akaomba unga wa mahindi, akafanya vile vile. Unga ukalowa tu, basi.

"Chokaa," Clotilda alisema.

"Chokaa ya juu ya mapipa."

Mama yule alikaa chini kwenye mkeka, kapu mapajani. Siku tisa alikuwa hajalia mbele ya mtu, na sasa alilia kwa hasira, si kwa faraja. "Alisema! Alisema yalazwe! Alimwambia kaka yangu hapa hapa, kwenye mkeka huu!"

"Kaka yako nani?"

"Novatus. Mwenyekiti."

Mwenyekiti Novatus alikuwa ofisini, mtu wa miaka hamsini, shati limepigwa pasi ya mkaa. Alisikiliza habari ya povu la ndimu bila kukatiza. Kisha akaanza kupanga kalamu zake.

"Shemeji yako alikuambia uyalaze?" Anatoli aliuliza.

"Tulizungumza mambo mengi."

"Dada yako anatembea saa tatu kwenda, saa tatu kurudi. Anapita mbele ya mlango huu. Unamsalimia?"

"Ananisalimia yeye. Ananiamkia kila siku."

"Na unaitikia marahaba."

Kalamu zilikuwa tatu tu, zikaisha kupangwa. Novatus akafumba macho.

"Alinijia mara mbili," alisema. "Mara ya kwanza nilimwambia, Privatus, mapipa yaliyolala yanafanana na walevi. Wageni wa mkoa wanakuja kuona akiba ya kijiji, vijiji vingine vifuate, hata Kaniha wanasubiri injini yao. Tuwaonyeshe walevi? Mara ya pili nilimfukuza. Ndipo alipojaribu mwenyewe, ile Jumapili. Wageni wenyewe hawakuja. Vita vilikuwa vimeshaanza."

"Wazo la kuyasimamisha lilikuwa lako?"

Novatus alifungua sanduku la bati chini ya meza. Barua ilikuwa juu kabisa, kama kitu kinachosomwa mara kwa mara. *3 Oktoba 1978. Mapipa ya akiba yasimamishwe mbele ya ofisi ya kijiji, yapakwe chokaa na kuandikwa namba, ili wageni wauone ushindi wa mradi.* Chini yake sahihi ya Protasi na muhuri.

"Siku tisa unayo," Anatoli alisema.

"Aliyenipa injini nitamshtaki vipi? Imebaki miezi kumi na minane ya kulipa. Ataing'oa. Nani atawaambia wanawake wa hapa warudi kwenye jiwe?" Akapangusa uso kwa kiganja. "Nikaona labda watamwachia tu. Mtu asiye na kosa huachiwa."

"Nani alikuambia hivyo?"

Anatoli, aliyekaa katika kazi hii miaka kumi na miwili, alimsogezea karatasi tupu.

"Andika maelezo yako," alimwambia. "Yote, na hilo la walevi. Nipe na barua. Barua ndiyo itakayokulinda."

Novatus aliandika. Mwandiko wake ulikuwa mzuri, wa mtu aliyesoma kwa mapadri. Barua aliitoa kwa mikono miwili.

Jumatano saa nne, Meneja Protasi alifika na Land Rover yake, ameitwa kama shahidi wa kitaalamu. Alipenda kuitwa hivyo. Kijiji kizima kilikusanyika. Anatoli alimsalimu kwa heshima zote, akamwomba kwanza akague lakiri za namba saba na nane.

"Ni zako, Ndugu Meneja?"

"Zangu. Hii alama haipo kwingine. Koleo silali nalo mbali."

"Hazijachezewa? Waya haujakatwa ukaungwa?"

Protasi aliinama, akageuza risasi kwa kidole. "Hazijachezewa. Naweza kuapa."

"Si lazima uape, weka sahihi tu." Anatoli alikuwa na karatasi tayari. Protasi akatia sahihi, kubwa, yenye mkia.

"Basi tukubaliane," Anatoli alisema kwa sauti ya kusikika mpaka nyuma. "Tangu Ndugu Meneja alifunge pipa hili mwisho wa Desemba, hakuna mkono wa mtu ulioingia ndani. Si wa Privatus, si wa mtu yeyote."

Hapo ndipo Protasi alipoanza kuelewa, lakini wino ulikuwa umeshakauka.

Anatoli alikata waya wa namba saba. Aliteremsha mpira mwembamba mpaka ukagusa chini, akavuta kwa mdomo, akatema, akaelekeza kwenye debe. Kilichotoka kwanza hakikuwa dizeli. Kilikuwa maji meupe, ya mawingu, yakiteremka taratibu mbele ya watu mia mbili. Alihesabu lita tatu na zaidi kidogo kabla mafuta hayajaanza. Namba nane hakuligusa. Lilibaki na lakiri yake, kielelezo cha mahakama.

"Sasa, Ndugu Meneja. Maji haya yamewekwa na nani?"

Protasi alitazama juu, kama mtu anayetaka kuitupia mvua lawama. Eustakia, bibi mmoja wa mstari wa mbele, alisema kwa Kisubi kitu kilichowafanya wanawake wote waangue kicheko. Protasi aliingia garini. Kwa saa moja hivi, kesi ilikuwa imekwisha na haki ilikuwa imeshinda. Anatoli aliyafurahia maji yale kuliko alivyopaswa.

Ripoti aliiandika jioni ile, kurasa nne, akaambatisha lakiri, karatasi ya Protasi, maelezo ya Novatus na barua. Asubuhi ya Alhamisi mkaguzi, mkubwa wake wa muda, alikuwa amekwisha kuisoma. Alikuwa mtu mpole. Wapole ndio wabaya.

"Kazi safi, Sajini. Privatus atoke leo hii. Hana kosa."

"Asante, afande."

"Lakini malori matatu yalikufa. Jeshi linauliza jina. Siwezi kuwajibu kwamba ni mvua." Aligeuza kurasa. "Hapa kuna mtu anaandika kwa mkono wake: nilionywa mara mbili, nikakataa yasilazwe. Vizuri sana. Hajapigwa, hajatishwa. Umeyachukua wewe mwenyewe."

"Aliamriwa, afande. Kuna barua."

"Barua gani?"

Anatoli alilivuta jalada. Lakiri zilikuwepo. Maelezo ya Novatus yalikuwepo. Karatasi ya Protasi haikuwepo, na mahali pa barua palibaki matundu mawili ya pini.

"Mradi ule una vijiji kumi na vinne," mkaguzi alisema. "Ukisema meneja amekosea, injini zote kumi na nne zina kosa. Ukisema mwenyekiti mmoja amezembea, injini zinaendelea kusaga. Wewe ungechagua lipi?"

"Mimi sikuitwa kuchagua."

"Kweli," mkaguzi alisema. "Unaweza kurudi Ngara."

Gari la mkoani lilikuja saa sita kama lilivyopangwa. Privatus alitoka mlango wa mahabusu akiwa bado anakaza mkanda, akapishana na shemeji yake, aliyekamatwa asubuhi ile, anayeingia garini na shati la pasi. Novatus alimtafuta Anatoli kwa macho, akampata. Alinyoosha viganja viwili mbele yake, vile vile alivyovinyoosha alipokuwa akitoa barua, askari akavifunga pingu.

Anatoli aliandika ripoti ya pili, akataja barua kwa tarehe na kwa maneno yake yote, akaipeleka mkoani mwenyewe. Alipewa risiti ya kupokelewa. Kuhusu kielelezo, pipa namba nane, alijibiwa kwamba lilikwisha kutumika.

Mwezi mmoja baadaye, akipita Nyakahura kwa kazi nyingine, alishuka Rukombe. Injini ilikuwa inasaga, na sauti yake ilisikika toka barabarani. Mbele ya ofisi mapipa mapya mawili yalikuwa yamelazwa juu ya magogo, vizibo kushoto na kulia, usawa mmoja. Mlangoni palikuwa na karatasi iliyobandikwa, na Clotilda alikuwa amesimama mbele yake, kapu kichwani. Alikuwa mhitimu wa elimu ya watu wazima. Alisoma kwa kidole na kwa sauti, neno baada ya neno.

"*Kwa wenyeviti wote. Kuanzia leo mapipa yote ya akiba yalazwe, vizibo viwe usawa mmoja, ili maji ya mvua yasiingie. Ni marufuku kuyasimamisha.*"

Aligeuka, akamwona.

"Shikamoo" hakuisema, na kwa umri haikumpasa. Alishusha kapu. Ndani mlikuwa na bakuli limefungwa kwa kitambaa kile kile. Gereza lilikuwa mbali zaidi ya mahabusu, angelala njiani.

"Afande, wewe ulijua mpaka chokaa kwa ndimu," alisema. "Kaka yangu amefungwa kwa kuyasimamisha mapipa. Nisomee wewe, macho yangu si mazuri hapa chini. Aliyekataza leo na aliyeamuru jana ni watu wawili?"

Anatoli alisogea. Hakuwa na haja ya kusoma. Ile sahihi ya chini ilikuwa kubwa, yenye mkia, na muhuri ulikuwa bado mbichi.